Simu ya Ureno Niliyoinyamazia

Siku ile ya majaribio nilicheza vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na hilo ndilo lililoniumiza. Ningecheza ovyo ningekuwa na la kujiambia.

Tulikuwa kwenye uwanja wa shule moja pale Raskazone, Tanga. Wiki moja kabla, kocha wetu wa Nguvumali alitutangazia kwamba anakuja wakala anayetafuta vijana wa kuwapeleka Ureno kucheza mpira. Habari ikaenea. Siku ilipofika walikuja vijana wa Pangani, wa Muheza, na wengine waliovuka mpaka kutoka upande wa Kenya, kila mmoja na jezi yake na mfuko wake mgongoni. Wakala alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu wa bara kwa lafudhi yake, mpole, mwenye suruali nyeupe ambayo haikuchafuka mpaka jioni. Alifuatana na Mzungu mmoja mzee aliyekaa kitini chini ya kofia, akiandika muda wote bila kusema neno. Mpaka leo sijui mzee yule alikuwa nani.

Mimi nilicheza kiungo. Mdogo wangu alicheza winga wa kushoto. Ninaposema mdogo wangu, ni mtoto wa mama mdogo. Tumelelewa nyumba moja, chumba kimoja, na nimemzidi miezi minane tu. Mimi ndiye niliyempeleka kwa kocha mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyemfundisha kuingia ndani na mpira badala ya kukimbilia kibendera cha kona kila mara kama anayefukuzwa. Mtaani kwetu watu walikuwa wakisema, "Yule mkubwa ndiye mwenye mpira, mdogo ana mbio tu." Nilikuwa nikisikia, na nilikuwa nikijifanya sisikii.

Siku ile alifunga mabao mawili. Yote mawili pasi zilikuwa zangu. La pili nilimpenyezea mpira katikati ya mabeki watatu, akabaki na kipa peke yake. Hata bibi yangu asingekosa pale.

Mchezo ulipokwisha wakala alituita sote wawili. Akamwuliza mdogo wangu, "Winga, una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Kuanzia leo una kumi na saba," akasema, akacheka, nasi tukacheka. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe kiungo, umecheza mpira mkubwa. Tutakupigia."

"Mbona namba yangu hujaichukua?" nikamwuliza.

"Ya kocha wako ninayo," akajibu, akamshika mdogo wangu begani, wakaondoka kuelekea kwa yule mzee mwenye kofia.

Nilibaki nimesimama nimeshika chupa ya maji. Nakumbuka kwamba nilitabasamu, kwa sababu wenzangu walikuwa wakinitazama.

Wakala alitaka fedha za viza, tiketi na kitu alichokiita gharama za klabu. Nyumbani kwetu fedha za namna hiyo hazikuwapo. Kilichokuwapo ni shamba la minazi upande wa Kigombe, alilolinunua marehemu babu alipohama Pemba kuja kufanya biashara ya mchele. Lilikuwa la wote. Bibi aliwaita binti zake wawili, mama yangu na mama mdogo, wakakaa ukumbini baada ya sala ya Alasiri, wakazungumza kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa barazani natengeneza mnyororo wa baiskeli. Nilimsikia bibi akisema, "Huyu anakwenda kututoa sote. Shamba hatuli nazi zake, wezi ndio wanaokula." Mama yangu akasema sawa. Hakuna aliyetoka nje kuniuliza mimi naona vipi. Shamba likauzwa wiki ile ile.

Halafu kukawa na habari ya njumu. Za mdogo wangu zilikuwa zimefunguka mbele kama mdomo wa kasa. Mimi nilikuwa na njumu mpya, nilizozinunua baada ya kubeba magunia sokoni Ngamiani miezi miwili, na siku ya majaribio ilikuwa mara ya tatu tu kuzivaa. Mama akaniambia, "Mwachie mwenzio, mwanangu. Weye huku utavaa zozote."

Utavaa zozote. Nilizisafisha mwenyewe kwa mswaki, nikazifunga kamba, nikampa. Alinikumbatia mpaka nikaona haya.

Nilimsindikiza hadi mpakani Horohoro, maana angevuka kwenda Mombasa, kisha Nairobi kupanda ndege. Kwenye foleni ya kugonga mhuri aliniambia, "Kaka, nikifika tu nikapata namba kwenye timu, nitawaambia juu yako. Wallahi nitawaambia." Nikamwambia Inshallah. Alipovuka kizuizi aligeuka akanipungia mkono, nami nikampungia. Njiani kurudi Tanga nilimwomba Mungu kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Sikuomba afe, wala augue. Niliomba tu asifanikiwe sana.

Picha zikaanza kuja baada ya wiki mbili. Mdogo wangu amevaa jezi ya kijani uwanjani. Mdogo wangu amekaa kwenye benchi, nyuma yake majengo ya vigae vyekundu. Mdogo wangu amevaa koti kubwa, pumzi inamtoka kama moshi. Kinyozi wa mtaa wetu alizichapisha, akabandika moja ukutani juu ya kioo, na kila nilipokwenda kunyoa ilinibidi nimtazame yeye ndipo nijitazame mimi. Bibi alikuwa na yake ndani ya msahafu. Wageni walipokuja aliitoa, akaifuta kwa upindo wa kanga, akawaonyesha.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeacha mpira, naendesha bodaboda. Kijiwe chetu kilikuwa Raskazone, mita chache tu kutoka uwanja ule. Abiria akipanda na kujua natoka Nguvumali aliniuliza, "Unamjua yule kijana aliyekwenda Ureno?" Nikisema ni mdogo wangu, walinipa pole ya aina fulani, ile ya kumwambia mtu, "Na wewe yako inakuja." Nilichukia maneno hayo kuliko tusi.

Ikawa kazi yangu kuzikagua picha zake. Nilizikuza kwenye simu kwa vidole viwili, nikatafuta kasoro. Nikagundua kwamba jezi ni ile ile moja katika picha zote. Nikagundua kwamba uwanjani hakuna mtu mwingine, na kwamba katika picha moja amesimama nje ya ua wa waya, siyo ndani. Mtu mwingine angeingiwa na wasiwasi. Mimi nilifurahi. Siku ile nilifurahi mpaka nikawapakia abiria wawili bure.

Miezi minane ilikuwa imepita aliponipigia. Ilikuwa asubuhi, nimekaa juu ya pikipiki nakula mhogo wa kuchoma, namba ngeni ikatokea.

"Kaka, ni mimi. Usitaje jina langu hapo ulipo."

"Vipi, mchezaji?" nikamwambia. Nililisema neno hilo kwa kejeli, na nadhani aliisikia.

"Hakuna mpira, kaka. Sikiliza, sina muda." Akaniambia yote kwa mkupuo, kama mtu anayesoma. Alipofika alipelekwa kwenye timu moja ndogo, akafanya mazoezi siku kumi, goti likavimba, wakamwambia asirudi. Wakala akachukua pasipoti yake akisema anakwenda kumtafutia timu nyingine, na viza ikaisha pasipoti ikiwa mikononi mwake. Walikuwa vijana tisa katika vyumba viwili, wa Guinea, wa Gambia, wa Ghana. Sasa alikuwa anachuma matunda kwenye mabanda ya plastiki, kuanzia alfajiri, ameinama. "Picha zile anatupiga yeye. Jezi tunapeana zamu. Juzi amenirekodi video niseme niko vizuri, nimepata mkataba. Amesema nikikataa siioni pasipoti yangu. Kaka, anarudi Tanga mwezi ujao kuchukua wengine. Waambie vijana wasiende. Mwambie kocha. Mama usimwambie, atakufa."

"Kwa hiyo hutaki wengine waje," nikamwambia.

Akaniuliza, "Umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia."

Simu ikakatika. Nikamaliza mhogo wangu.

Nataka niseme ukweli jinsi nilivyofikiri, kwa sababu watu wengi wananiambia huenda nilishtuka, huenda niliogopa. Sikushtuka. Nilifikiri ananidanganya. Nilijiambia: amefika penye asali, sasa anafunga mlango nyuma yake. Kama hali ni mbaya hivyo, mbona harudi? Mbona ana koti lile? Nilikumbuka ahadi yake ya Horohoro, nikaona hii ndiyo njia yake ya kuikwepa. Na chini kabisa ya mawazo hayo kulikuwa na jingine: kwamba kama ni kweli, basi wakala anarudi, na safari hii nafasi ya mdogo wangu iko wazi.

Sikumwambia kocha. Sikumwambia mtu.

Nikaanza mazoezi upya. Nilikimbia ufukweni kila alfajiri kabla ya kwenda kijiweni. Nikanyoa ndevu zote, nikawa kama mtoto wa sekondari. Siku wakala alipokuja, uwanja ule ule, safari hii hakuna mzee mwenye kofia, nilijipanga mstarini na watoto wa miaka kumi na sita. Alipofika kwangu nikamwambia nina miaka kumi na minane.

"Sawa. Tumewahi kuonana?" akaniuliza.

Hakunikumbuka. Yule aliyeniambia nimecheza mpira mkubwa, hakunikumbuka hata sura.

Kabla ya mchezo aliwakusanya wazazi kwenye darasa moja, akatoa kompyuta yake ndogo, akawaonyesha video. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mdogo wangu alitokea na ile jezi ya kijani, amekonda mashavu, akasema kwa Kiswahili safi kwamba amepata mkataba, kwamba maisha ni mazuri, kwamba wazazi wasiogope. Alikuwa hapepesi macho. Ilikuwa video ile ile aliyoniambia.

Mbele yangu alikaa mzee mmoja, mfanyakazi wa shamba la mkonge upande wa Muheza, Mlutheri aliyezaliwa hukohuko kwenye kambi ya vibarua kwa wazazi waliokuja kutoka nyanda za juu. Nilijua kwa sababu alikuwa amejitambulisha kwa kila mtu, akimwambia kila mmoja kwamba mwanawe ndiye yule kipa mrefu. Alivaa shati lake la kanisani. Video ilipokwisha aligeuka, akaninong'oneza, "Kijana, wewe ni wa hapa. Huyu unamfahamu?"

"Shikamoo mzee. Ni mdogo wangu."

"Marahaba. Basi niambie wewe. Kweli yuko vizuri?"

Wakala alikuwa hatua tatu kutoka pale, anakunja waya. Alinyanyua uso akanitazama. Nikaona kwamba sasa amenitambua mimi ni nani, na kwamba anasubiri. Nami nikataka anichague. Sijui namna nyingine ya kulisema jambo hili.

"Yuko vizuri," nikamjibu mzee.

Hakunichagua. Alimchukua yule kipa na beki mmoja wa Kibondei. Mimi akanipiga begani, akasema, "Msalimie mdogo wako."

Vijana wale wawili hawakufika hata Ulaya. Aliwapeleka Nairobi, akawaweka kwenye nyumba ya wageni, akawaambia wasubiri viza, akaondoka na fedha za wazee wao. Walisubiri wiki tano. Mwenye nyumba akawatoa nje, wakarudi kwa lori la vitunguu, wakashushwa Horohoro hawana hata viatu vya maana. Namba ya wakala haikupatikana tena. Wazee walikwenda polisi, wakaandika maelezo. Kocha wetu aliapa kwamba na yeye kadanganywa, kisha akahama mji, na mimi sijui nimwamini au nisimwamini. Yule mzee wa mkonge alikuwa ameuza ng'ombe wake wote na kiwanja alichonunua ili akistaafu asifie kambini.

Habari ziliposambaa, nyumbani kwetu wakaanza kuulizana. Mama mdogo alimpigia mwanawe mpaka akampata, naye akashindwa kuendelea kuficha. Nyumba ikawa msiba. Bibi aliitoa ile picha kwenye msahafu akaiweka chini ya godoro. Aliniuliza, "Weye mwenzio hakukwambia neno?" Nikasema hakuniambia.

Mdogo wangu alirudi baada ya karibu mwaka mmoja na nusu tangu aondoke. Watanzania wanaoishi kule walichanga, na shirika moja linalosaidia wahamiaji likamtafutia hati ya kusafiria. Alishuka kwenye basi la Dar es Salaam adhuhuri, anachechemea, amebeba mfuko mmoja. Nilipomwona anachechemea, kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwangu kilikuwa faraja. Kilipita haraka, lakini kilipita, na nilikiona. Kisha nikamkimbilia nikampokea mfuko.

Nilidhani kijicho kitaisha siku ile. Nini tena cha kumwonea? Goti bovu, mikono imechubuka kama ya mkata mkonge, shamba la babu limekwenda. Lakini jioni ile nyumba ilijaa. Watu waliketi mpaka barazani, wakamsikiliza anavyoeleza baridi ya kule, mabanda ya plastiki, rafiki yake wa Guinea aliyekuwa akimpikia wali wa karanga. Wanawake walilia. Mimi nilipitisha kahawa. Nikajikuta namwonea kijicho hata mateso yake, kwamba yeye kapatwa na jambo na mimi sikupatwa na chochote.

Siku tatu baadaye tulikuwa wawili tu, tunafua uani. Akaniuliza bila kunyanyua macho, "Nilipokupigia ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Kwa nini?"

"Niliona unanifungia mlango. Niliona hutaki nije."

Alisuuza shati, akalikamua, akalitandaza kwenye kamba, akalinyoosha pembe kwa pembe. "Simu ile niliazima kwa yule Mguinea," akasema. "Alinipa dakika tano. Ningeweza kumpigia mama nikasikia sauti yake. Nikakupigia wewe."

Afadhali angenipiga. Nikamweleza habari ya yule mzee, kile alichoniuliza na kile nilichomjibu, na hapo ndipo nilipomwona amebadilika uso. Aliacha ndoo pale pale, akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi aliniambia, "Washa pikipiki. Twende Muheza."

Tulimkuta mzee mbele ya nyumba yake ya kambini, ananoa panga. Mdogo wangu alimwamkia, akajitambulisha kwamba ni yule wa kwenye video, akamwomba radhi kwa kila neno alilolisema mle. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Wewe ulishikwa shingo." Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

"Mzee, mimi nilijua," nikasema. "Alikuwa ameshanipigia. Uliponiuliza nilikuwa najua."

Alinitazama kidevuni. "Nakukumbuka. Ulikuwa umenyoa." Akalijaribu panga kwa kidole gumba. "Mle darasani walikuwamo watu wazima wengi. Nilikuuliza wewe kwa sababu nilikuona kijana, nikasema huyu hana sababu ya kunidanganya."

Mkewe alituletea chai na viazi, tukanywa, kwa sababu kukataa kungekuwa ubaya zaidi. Mwanawe kipa alirudi kutoka shambani tukiwa bado pale, mrefu kupita mlango, akatusalimia kwa heshima akaenda kunawa. Alikuwa ameanza kukata mkonge na baba yake. Hatukuambiwa tumesamehewa, na hatukufukuzwa. Tulipoaga mzee alimpa mkono mdogo wangu. Mimi aliniambia tu niendeshe polepole, barabara ina utelezi.

Tangu hapo mdogo wangu amekuwa akizunguka kwenye shule na viwanja, anawaeleza vijana na wazazi wao jinsi mambo yanavyokwenda. Anawaambia wadai barua ya klabu, waipeleke kwa watu wa chama cha mpira wakaikague, wasikubali kupunguziwa umri, wasimpe mtu pasipoti yao. Mimi ndiye ninayempeleka kwa pikipiki. Walimu wanamwita mwalimu. Redio moja ya mjini ilimwalika. Sasa abiria wananiuliza, "Wewe ndiye ndugu wa yule anayewasaidia vijana?" na bado nasikia kijicho, kile kile.

Katika mazungumzo yake hajawahi kuitaja ile simu. Anafika pale anaruka, anaendelea mbele, nami huwa nimekaa nyuma karibu na dirisha nashika kofia mbili za pikipiki. Mara tatu nne ilikuwa hivyo. Mwezi uliopita, shule moja upande wa Pongwe, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akamwuliza, "Sasa kwa nini hukumwambia mtu huku nyumbani awazuie wale wengine?"

Mdogo wangu alisita. Hakunitazama.

Nikasimama mimi. Nikaweka kofia kwenye dawati, nikawaambia kwamba alimwambia mtu, na mtu huyo ni mimi. Nikawaeleza habari ya njumu, ya picha zile, ya ndevu nilizonyoa, na ya mzee aliyegeuka kuniuliza. Darasa zima lilikuwa limegeuka kunitazama, hakuna aliyekohoa, hata mwalimu aliacha kuandika. Kwa dakika zile chache walinitazama mimi kama wanavyomtazama yeye siku zote, na naona haya kusema kwamba, katikati ya aibu yangu yote, nilifurahi.